Mawe Yasikauke

Mtaa wa Waswahili,
Rumonge.
22 Agosti 1972

Kaka yangu mpendwa Amisi,

Asalaam aleikum. Ni mimi mdogo wako Batuli. Kabla ya lolote nataka kujua hali yako, na hali ya wifi Mariyamu, na kama ule mguu wako uliovimba wakati wa mvua umepona. Huku tunapumua, alhamdulillahi. Mama mkwe wangu, Bi Chausiku, anakohoa asubuhi, lakini anakula, na ulimi wake ni mzima kuliko sisi wote.

Maneno yako nimeyapata. Nasoro, yule dereva rafiki wa marehemu, aliyaleta kama ulivyomwambia: eda ikiisha nivuke nije Ujiji, chumba kipo, na samaki niwaache kwa sababu samaki si mtoto. Jibu langu limo humu ndani, ila nimeshindwa kulisema kwa mstari mmoja. Barua hii nimeianza na kuiacha mara nyingi. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda uani kutazama maji, nikirudi nimesahau nilitaka kusema nini.

Ya mwezi wa nne na wa tano siyaandiki. Waliovuka wakikimbia mauaji wamekusimulia. Mimi najua kwamba mume wangu Asmani alitoka Minago kuja nyumbani kwa baiskeli, ndoo ya samaki ikiwa nyuma. Yeye tuliletewa, tukamzika. Baiskeli na ndoo hatukuletewa.

Wewe hukuiona kazi yake ilivyokuwa miaka hii ya mwisho, kwa hiyo nikueleze. Alikuwa akiwavua wale samaki wadogo wa kwenye mawe, wenye mistari, bila kuwaumiza, na kuwatunza hapa uani mpaka Mzungu wa Bujumbura awachukue kuwapeleka Ulaya wakiwa hai. Alijenga mabirika matatu ya saruji. Mashini ilivuta maji ziwani kwa tiyo refu la mpira, yakapita kwenye mabirika, yakarudi ziwani. Njia ya ufukoni ilipofungwa, na mafuta ya mashini yakakosekana, tukabaki na maji yaliyokuwamo tu.

Kumbe alikuwa ametengeneza njia ya pili, kwa zile siku ambazo ziwa linachafuka. Kuna pipa juu ya matofali. Maji yanashuka kwa bomba hadi birika la kwanza, likijaa linamwagikia la pili, la pili linamwagikia la tatu. Kutoka hapo yanapenya kwenye pipa lililojaa mawe na changarawe, yanaangukia shimoni, na pampu ya mkono inayarudisha juu. Maji ni yaleyale, yanazunguka. Mwenye eda haendi popote, na maji yangu pia hayakwenda popote.

Tunapokezana pampu, mimi na Bi Chausiku.

“Weye Batuli, unapampu kama mutu anabembeleza mutoto,” ananiambia. “Maji hayalali. Piga.”

“Basi piga weye, mama.”

“Mimi nilimuzaa mwenye pampu. Kazi yangu iliisha zamani.”

Halafu ananisukuma kando, anapampu mwenyewe mpaka kikohozi kimzuie.

Tangu hapo, kaka, sikio langu haliko kichwani, liko uani. Maji yakinyamaza nasimama. Huwa ni jani limeziba tundu, au kiungo cha bomba kinavuta hewa na pampu inapiga tupu. Naenda, natoa jani, nafunga uzi wa katani kwenye kiungo, maji yanasema tena, narudi ndani. Sijakaa vizuri, yamenyamaza.

Sasa nikwambie lililotupata kwenye arobaini. Majirani walikuja kupika na kufagia, Mungu awalipe, maana siku zile kutoka nyumba moja kwenda nyingine kulihitaji moyo. Mama Bora, wa nyumba ya pili, alifunua lile pipa la mawe akaona utelezi wa rangi ya matope. Akaona aibu kwa ajili yetu. Wageni wanakuja kusoma hitima, na uani mwa marehemu kuna uchafu wa namna ile. Wanawake wakayatoa mawe yote, wakayasugua kwa majivu na sabuni, wakayasuuza, wakayarudisha yakiwa meupe kama mchele. Wakasugua na mabirika kwa ndani. Birika la tatu tu lilisalimika, kwa sababu walikuwa wamelifunika kwa mbao na mkeka na kupanga masufuria juu yake. Mimi nilikuwa chumbani. Nilisikia wanavyosugua, nikawaombea dua.

Baada ya siku chache samaki wakapanda juu, midomo wazi. Tukadhani wamekosa hewa. Tukapampu mpaka viganja vikachubuka. Maji yalianguka vizuri na yalikuwa safi, unaona chini kama kwenye gilasi, na bado kila asubuhi tuliokota waliokufa. Walikufa wengi, kaka. Kuna mmoja aliyekuwa na watoto kinywani, maana hao mama zao huwabeba watoto kinywani, naye alikufa hakuwatema. Nilikaa naye mkononi mpaka Bi Chausiku akaja kunichukulia.

Ndipo nikakumbuka jambo dogo. Ulikuwa mwaka wa Uhuru, tumeoana karibuni. Siku yenyewe ya sherehe Asmani hakuiona bendera ikipanda, alikuwa chini ya pipa la maji ya wageni akifunga robine iliyovuja, akarudi nyumbani shati limelowa mgongo mzima, anacheka. Wakati ule samaki wake walikuwa kwenye beseni moja tu. Nikataka kumfurahisha, nikayachukua mawe ya kwenye beseni nikaanza kuyasugua. Akanishika mkono.

“Acha, Batuli. Huo utelezi ni wafanyakazi wangu. Uchafu wa samaki wanaula wao.”

Nikamuuliza anawalipa nini. Akasema anawalipa maji yasiyosimama.

Nikaenda kwenye birika la tatu, nikaingiza mkono chini. Mawe yake yalikuwa bado yanateleza. Nikayatoa nusu, moja moja, nikayapanga katikati ya yale meupe kwenye pipa. Haikuwa kazi ya siku moja, lakini samaki waliobaki walishuka chini, wakaanza kula.

Mama Bora alipoambiwa alikaa kwenye kizingiti akashika kichwa. “Basi mimi ndiye nimeua samaki wa marehemu?”

“Hukuwaua,” Bi Chausiku akasema. “Uliwaosha tu. Wamekwenda wasafi.”

Mama Bora akacheka huku analia. Sisi pia. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba hii kucheka tangu msiba.

Yule Mzungu hatarudi. Amepanda ndege, na amemwambia Nasoro kwamba samaki ni wangu, nifanye nipendavyo. Kwa hiyo neno lako la kuniita limekuja wakati wake. Lililonizuia si samaki. Nilimwogopa Bi Chausiku, kumwacha peke yake na kaburi la mwanawe. Siku nilipojikaza kumweleza, nikakuta anajua.

“Kaka yako ameita mutu moja ama wawili?”

“Ameniita mimi, mama.”

“Mwandikie iko wawili. Kaburi haliendi mahali, na Nasoro iko na jembe ya kulipalilia. Lakini ukienda peke yako, nani atakwambia unapampu vibaya?”

Basi tunakuja, kaka. Wawili.

Eda itaisha mwezi ujao. Siku hiyo watanipeleka ziwani kuoga, kama desturi, njia ya ufukoni sasa imefunguliwa asubuhi. Tutabeba samaki kwa ndoo, tuwarudishe kwenye mawe yao. Pampu ataifungua Nasoro tuje nayo, na ndiye atakayetutafutia mtumbwi.

Msalimie wifi Mariyamu, na mwanao Hadji, na shangazi Esha, mwambie kitambaa alichonipa bado ninacho. Mama Bora anakusalimu ingawa hamjuani. Mungu aufungue mlango wako kwa kheri na aufunge kwa amani. Amahoro.

Jambo la mwisho ndilo nililokusudia tangu mwanzo. Yale mawe ya birika la tatu nakuja nayo ndani ya chungu, yamelala majini, yamefunikwa gunia lililolowa. Yakikauka, yanakufa, na hayo yalianza kushika utelezi mikononi mwa Asmani. Kwa hiyo usihangaike kufagia chumba. Tafuta pipa, liweke juu ya matofali penye kivuli, ulijaze maji ya ziwa, si ya kisima. Hadji atie humo samaki wa mawe, wachache, wadogo, ili wale wafanyakazi wasikute njaa. Mimi na Bi Chausiku tunaweza kungoja mlangoni. Mawe hayawezi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa mbali hii,
Batuli