Mbao ni Mbao

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Profesa, yule meneja wetu mpya anayejua kila kitu, leo kaamua kumfundisha kazi Baba Mapacha. Baba Mapacha! Miaka kumi na tisa ananyanyua mizigo kwa foklifti!

Jenereta ya mteja imeletwa ikiwa juu ya skidi, ile fremu ya mbao yenye miguu. Ghala limejaa, Profesa akaagiza ipandishwe juu ya katoni za rangi. Baba Mapacha akamwambia kwa adabu: "Bosi, paleti ina mbao hadi chini, uzito unatawanyika. Hii skidi ina miguu miwili tu, itazama."

Unajua alijibiwaje? "Mbao ni mbao." Mbele ya wapakiaji wote. Mbao ni mbao, shoga!

Haya, mzee wa watu akapandisha. Dakika haikuisha, miguu ikadidimia kwenye katoni. Rangi nyeupe mpaka mlangoni, jenereta imeinama kama mlevi anayetafuta ukuta.

Na nani kaingia? Mteja mwenyewe.

Sasa sikia. Profesa, macho makavu, akamgeukia: "Samahani sana, dereva wetu hajui tofauti ya paleti na skidi."

Dereva. Hajui. Tofauti.

Baba Mapacha je? Alizima foklifti, akashuka taratibu, akamwekea Profesa ufunguo kiganjani: "Ishushe wewe, mwalimu."

Hii ni dakika ya tano Profesa amekaa kwenye foklifti, mteja anamtazama, naye bado anatafuta pa kuchomeka ufunguo.