Siku Mama Alipopanda Subira

Ulyankulu,
Tabora.
22 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Tobia,

Salamu zikufikie huko Hobart, wewe, wifi yangu Niyokwizera na watoto. Baridi imepungua? Na kile kikohozi cha kitindamimba wenu kimeondoka? Huku tunamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri, ila magoti yanamsumbua asubuhi. Shemeji yako Festo anaandaa vitalu vya tumbaku. Mvua bado, na joto limeanza kutuonea.

Kwa simu nilikuambia tu kwamba tulikwenda Pemba tukarudi salama. Sikuendelea kwa sababu Mama alikuwa ubavuni mwangu, na mambo mengine hayafai kupigiwa kelele kwenye spika.

Binti yangu Julieth alijifungua kule Mkoani, Pemba, anakofundisha, akatamani bibi yake amwone kitukuu. Mama akakataa katakata. Unamjua alivyo na maji. Hata basi likivuka daraja yeye hufumba macho mpaka aambiwe tumepita. Akasema mtoto ataombewa kutoka nchi kavu, baraka haihitaji nauli.

Hapo nikakumbuka ulichoniambia juu ya boti ya mwendo kasi inayobeba magari hadi Pemba, kwamba ndiyo uliyoanzia kazi kiwandani huko Hobart.

"Mama," nikamwambia, "boti yenyewe Tobia ndiye aliyeichomelea."

Akanigeukia. Nadhani miaka yote hii alikuwa akiamini unafagia karakana za watu na unaona haya kusema.

"Peke yake?"

"Na wenzake. Yeye alikuwa upande wa mbele, chini ya sakafu ya magari."

Kesho yake akaniomba nimfulie kitenge cha kusafiria.

Safari ya kutoka Tabora hadi pwani sitakuchosha nayo. Mama alikuwa mchangamfu, akinionyesha Kigwa na stesheni nyingine kama mwenyeji. Alisema watu wa misafara ya zamani waliitembea njia hii na pembe za ndovu mabegani, sisi tumekaa kitini na bado tunalalamika mgongo. Ila tulipoingia Dar es Salaam akaiona bahari, akatoa rozari.

Tobia, sikujua kwamba kitu ulichokuwa ukinieleza ni kikubwa kiasi kile. Nilidhani boti, kumbe ni ghorofa. Ina matumbo mawili, kushoto na kulia, na katikati maji yanapita. Malori ya mchele yaliingia, na basi dogo, na gari la wagonjwa, yote yakamezwa na nafasi ikabaki. Ubavuni wameandika SUBIRA. Nikacheka kidogo, boti ya kasi kuitwa Subira.

Hadi Unguja tulikwenda vizuri. Mama alishika rozari, macho kafumba. Boti ilikuwa ikinyonya maji na kuyatema nyuma kwa nguvu, na povu lake lilionekana mbali kama barabara nyeupe. Nilijikuta naona fahari, kana kwamba ni mimi niliyeiunda.

Tulipoingia mkondo wa Nungwi upepo ukazidi. Ghafla mngurumo ukapungua, boti ikaanza kuyumba. Watu wakaomba mifuko ya kutapikia, wengine wakasali kwa sauti. Mama akasimama. Akaniambia kwa Kirundi, "Nitoe humu." Nikamshika, lakini alikuwa na nguvu ambazo sijaziona kwake tangu nikiwa msichana.

Akapita mtu mwenye ovaroli, anakwenda haraka. Mama akamkamata mkono.

"Shikamoo, bibi," akasema yule mtu.

"Marahaba. Inazama?"

"Haizami. Ina injini nne. Moja imemeza wavu wa wavuvi, tumeizima. Hizo tatu zitatufikisha, ila tutachelewa."

"Usinidanganye kwa sababu mimi ni mzee."

"Sikudanganyi, bibi. Mimi ndiye fundi mkuu, na mke wangu yumo humuhumu."

Bado amemshika mkono, Mama akasema, "Mwanangu ndiye aliyeishona boti hii."

Yule fundi, anaitwa Shomari, akadhani ni hofu inasema. Nikamweleza habari zako, mji, kiwanda na ile namba mliyokuwa mkiiitia boti kabla haijapewa jina. Niliposema hamsini na nne akageuka kunitazama vizuri. Namba hiyo, akasema, imegongwa kwenye bati huko chini. Akamwomba Mama akae mpaka tufike, akaahidi kuja kumwonyesha, kisha akashuka kwenye injini zake.

Mama akakaa. Hakufumba macho tena. Kila boti ilipoinuka na kushuka alikuwa akiisikiliza, kiganja kimebana ukuta.

Tukafika Mkoani jioni. Magari yalipokwisha kutoka Shomari akaja kama alivyoahidi, akatusimulia mambo ambayo labda wewe huyajui yote. Boti yako ilianza kazi kwenye visiwa vya baridi kaskazini, inavuka hata barafu ikielea. Baadaye ikauzwa Amerika ya Kusini, ikavusha watu mto mpana usioonekana ng'ambo yake. Kisha Ugiriki, na kampuni ile ilipofilisika ikafungwa bandarini ikapigwa jua, ndege wakatagia juu yake. Huko ndiko Shomari alikotumwa kuichukua. Wenzake walisema haitafika hata Mombasa.

"Injini tumebadilisha," alisema. "Viti, rangi, hata jina. Lakini mishono ya mbele haijaguswa na mtu tangu iondoke kwao."

Akatushusha akamulika tochi. Mama akapitisha kidole juu ya mshono mmoja, polepole, toka mwanzo hadi mwisho.

"Kama msuko wa kikapu," akasema. "Amesuka vizuri."

Akamshika Shomari mikono yote miwili akamshukuru kwa kuitunza. Shomari alituambia pia, na sitakuficha, kwamba wenye boti wanatafuta mnunuzi, mafuta yamekuwa ghali. Huenda mwakani isiwe kwetu tena.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika.

Kesho yake, Mama akimwogesha mtoto wa Julieth, akasema bila kuniangalia, "Mlikuwa na kaka." Nikadhani sikusikia vizuri. Akaendelea kumwagia mtoto maji. Mwaka sabini na mbili, walipokimbia Burundi, walivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi uliojaa kupita kiasi. Mtoto alikuwa mgongoni mwake. Wimbi likawapindua, na Mama aliposhikwa na kuvutwa juu, kanga ilikuwa imefunguka, mtoto hayumo. Baba alimkataza kulia wasisikike na askari. Baada ya hapo hakuna aliyelitaja jina lake nyumbani mwetu, mpaka Baba anakufa.

Nilichukua taulo, mdogo wangu. Nilipokea mtoto nikamfuta.

Kurudi, ndani ya boti alichagua kiti cha dirishani. Na tulipofika nyumbani, kabla hata ya kufungua mizigo, akauliza treni ya Kigoma inapita Tabora siku gani. Anataka afike ufukweni pale walipotokea ziwani, aombe. Tunaondoka Jumamosi, mimi na yeye tu.

Msalimie wifi na marafiki wote wa Ulyankulu mlio nao huko. Julieth anakusalimu, Festo pia. Mama anasema Mungu aifanye mikono yako iwe na kazi na macho yako yasiumizwe na moto.

Ameniagiza neno moja zaidi, nami naliandika kama alivyolisema. Waambie watoto wako kwamba wana baba mkubwa. Anaitwa Bucumi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokubeba mgongoni,
Marcelina