Adui Asiyepaza Sauti

Jumamosi, 7 Juni
Tumecheza tena, hapa mtaani Mamboleo, kwenye saiba, duka la intaneti ninalofanyia kazi. Kama kawaida: kibodi pembeni, ramani mezani, dadu. Mimi nasimulia ile dunia na maadui wake, wachezaji wangu watatu wanaamua watafanya nini, dadu zinakata shauri. Leo walikutana na adui wangu mkuu, yule wa mapembe anayeishi ndani ya mlima wa moto. Wakacheka. Hamisi, mwenye duka la viatu la jirani, akasema huyo ni wa kutishia watoto wasiotaka kulala. Nekesa akaomba tumuue upesi, ana zamu hospitalini. Hata kaka yangu Ochieng' alicheka. Kazi yangu ya mwezi mzima. Nimeudhika.

Jumanne, 10 Juni
Adui wa kuaminika hana mapembe. Namjua mmoja. Baba mdogo.
Siku ya kumzika Baba, kule kijijini kwetu Pap Onditi, aliomba kwa muda mrefu kuliko pasta. Kisha akasema atatushikia shamba mpaka tukue. Tumekua. Mkonge wa mpakani ameung'oa, amepanda mtama mpaka mlangoni pa Mama, na Mama sasa anakaa nami kwenye chumba cha kupanga. Hajawahi kutupazia sauti. Akija mjini huleta sukari na mkate.
Basi: mfalme amekufa. Ndugu yake, Seru, anasimamia ardhi ya mayatima. Anaomba. Anatabasamu. Nimeandika kwa hasira, na kwa raha.

Alhamisi, 12 Juni
Haitoshi. Seru ni mwizi tu, na mwizi hatishi. Lazima awe na sababu anayoiamini mwenyewe. Sina ya kumpa.
Nikamuuliza Mama, akiwa anachambua dagaa wa omena, kwa nini shemeji yake alitutenda vile. Akamaliza fungu la kwanza. Kisha akasema babu aliweza kusomesha mtoto mmoja tu. Baba akaenda shule, mdogo wake akaachiwa ng'ombe. Baba akapata kazi, suti, mke aliyesoma. Mdogo akabaki na ng'ombe. Mama alisema hajapata kumwambia mtu haya, hata Ochieng'.
Sikutaka kuyajua. Nimempa Seru wale ng'ombe. Sasa anapumua. Namchukia zaidi.

Jumamosi, 14 Juni
Leo hakuna aliyecheka. Seru aliwakaribisha ndani, akawanawisha mikono, akawasimulia utoto wake kwa upole. Sauti nilimpa ya Baba mdogo. Nekesa alikataa katakata: ardhi irudishwe kwa mayatima. Hamisi akasita. Ochieng', ambaye askari wake wa mchezoni hajawahi kukimbia joka, aliweka upanga chini. Akasema atamtumikia Seru, mradi apewe sehemu yake.
Nikamuuliza sababu. Hakujibu kama askari. Alijibu kama Ochieng'.
"Alichunga ng'ombe wa babu bila viatu, na ndugu yake yuko darasani. Na yeye apate."
Katika hadithi ya Seru hakuna babu. Viatu sikuvitaja. Wale wengine hawakugutuka. Mimi nilifunga mchezo mapema, nikasema kichwa kinauma. Mama hakumwambia. Aliyebaki ni mmoja.

Jumapili, 15 Juni
Nilimngoja Ochieng' nje ya kanisa. Hakukana. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyemsimulia. Amekuwa akienda kwake tangu Pasaka. Amekatiwa kipande cha shamba upande wa mto, msingi ameshachimba. Kwa hilo, Ochieng' atasimama mbele ya chifu aseme kwamba Baba, kabla ya kufa, alimwachia ndugu yake sehemu iliyobaki.
Nikamuuliza, na Mama? Akatazama pembeni.
"Adhis, wewe utaolewa. Mimi nisipojenga kwetu, nijenge wapi?"
Kwetu mwanamume asiye na boma hana hata pa kuzikwa. Sababu yake naielewa. Hilo linaniuma kuliko usaliti wenyewe. Ningependa awe mwenye mapembe.
Nikamwambia asikanyage tena kwenye meza yangu. Akasema sawa. Sawa tu.

Jumatano, 18 Juni
Nimemwambia Mama. Nilitaka alie. Nilitaka amlaani. Aliendelea kusonga ugali, akapakua, hakula. Baadaye akauliza kama msingi ni wa mawe au wa matofali. Nikasema sijui. Akasema upande wa mto kuna unyevu, wa matofali hautadumu.
Nikatoka nje. Sikutaka anione uso.

Ijumaa, 20 Juni
Baba mdogo amepiga simu. Salamu nyingi. Ananiombea. Sikukata. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kila neno, nikagundua kwamba hadanganyi. Ananiombea kweli.
Sijawahi kumchukia mtu hivi.

Jumamosi, 28 Juni
Tulikuwa watatu leo, mimi, Nekesa na Hamisi. Seru bado anatawala. Wameshindwa kuingia mjini kwake, watu wake wanampenda. Nekesa aliuliza yule askari wetu ameenda wapi.
Nikasema amerudi kwao.
Walinitazama kidogo. Ilikuwa zamu ya Hamisi, akarusha dadu.