Tai Asiye na Kipara

Jumatatu, 3 Machi 2008
Basi limechelewa tena. Nimefika kazini Sutton Coldfield nahema, Mama Edna, bibi ninayemhudumia, keshaanza kuulalamikia uji wake. Namlisha, mara naona ndege kwenye mti wa jirani. Mkubwa ajabu. Kahawia mwili mzima, ukanda wa ngozi mguuni. Asubuhi redio ilitangaza tai, "bald eagle", katoroka kwa anayemfuga, atakayemwona apige simu. Bald ni kipara, nani hajui? Huyu ana manyoya mpaka utosini. Sikupiga.

Jumanne, 4 Machi
Yuko palepale, tawi lilelile. Anapiga mabawa, haendi. Nimemwaga chai mara mbili kwa kumtazama. Jioni nimemsimulia Salma, Mzanzibari ninayekaa naye Sparkhill. Akaangua kicheko. "Mwenye kipara ndiye tumbusi, mla mizoga, shoga! Wako siye, muache." Nikatulia. Kidogo tu.

Jumatano, 5 Machi
Off yangu, na situlii. Nikaenda maktaba. Kitabu cha ndege kinasema huyo "bald" hana kipara hata kidogo! Kichwa cheupe, basi. Nikapumua, wangu ni kahawia. Nikafunua ukurasa. Wachanga ni kahawia mwili mzima, kichwa hakiwi cheupe mpaka miaka minne, mitano. Nikafunga kitabu. Mjinga mimi na Kiingereza changu cha vyeti.

Nikapiga simu redioni, nikawahi basi la kwa Mama Edna. Akaja mama mmoja wa kuokoa ndege, na ngazi yake. Ukanda ulikuwa umejisokota kwenye tawi. Tai akashushwa, kifua kimeanza kukonda.

Yule mama akaniuliza nimemwona tangu lini. Nikasema jana. Sijui kwa nini. Najua. Aibu.

"Afadhali," akasema. "Njaa ya siku moja tu, atakula nyama bila shida. Aliyekaa na njaa siku mbili tatu huanza na maji kwanza. Nyama humuua."

Gari likaondoka. Kadi yake yenye namba ya simu ilikuwa mkononi mwangu, na mimi nimesimama barabarani kama mti. Nilifika hadi kituo cha basi ndipo nikapiga. Nikasema Jumatatu, nilimwona Jumatatu, nisamehe. Akasema ameshamlisha nyama.

Nimefua nguo zilizokuwa safi. Nimepanga kabati, nikalipangua. Salma ananiambia nikae, siwezi. Najichukia.

Alhamisi, 6 Machi
Mama wa ndege amepiga asubuhi. Tai amekufa. Hakunigombeza, tena ameshukuru kwamba nilisema. Heri angenigombeza.

Mvua kidogo. Mama Edna alikaa dirishani, akauliza yule ndege wetu kaenda wapi. Ingekuwa rahisi kusema karudi kwao. Nikavuta kiti, nikamweleza yote, kuanzia Jumatatu.