Baraka ya Mama kwa Kiingereza Chake

Fall River, 11 Mei

Kwa kaka yangu Duarte,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Cheryl na bibi harusi wetu Marisa. Naamini barua hii inawakuta wazima na mgongo wako umeacha kukusumbua. Huku kwetu hatujambo. Mume wangu Gil bado anakohoa na bado anavuta sigara kibarazani akidhani simwoni. Mama ndiye mzima kutupita sote, na wiki hii hashikiki. Kura ya parokia ya kutunza Taji la Roho Mtakatifu kabla ya Pentekoste ilimwangukia, kwa hiyo limelala sebuleni kwake, limezungukwa na maua mpaka runinga haionekani. Kila jioni majirani wanakuja kusali rozari, na wakishasali hawaondoki. Tumewaokea mikate mitamu mpaka mikono imekufa ganzi.

Barua yako niliipata. Najua ulitaka nikujibu kwa simu, lakini kwenye simu unanikatiza, kwa hiyo leo kaa chini usome.

Umeniomba nimwambie Mama kwamba siku ya harusi, Marisa atakapomwomba bibi yake baraka mbele ya wageni, Mama aitoe kwa Kireno, tena kwa kifupi, halafu padri atafsiri. Umesema ni kwa ajili yake, asije akahangaika. Ukaongeza kwamba baba yake bwana harusi Colin ni wakili na mama yake anafundisha chuo kikuu. Nimekuelewa, kaka. Tumekulia nyumba moja.

Kiingereza chake Mama alikiokota kiwandani, penye cherehani, kwa wanawake wa Kipolandi na wa Kilebanoni ambao nao walikuwa wanabahatisha. Ndicho alichotulea nacho. Unakumbuka siku mwalimu wako alipomwita shuleni? Ulikuwa mkalimani wa kesi yako mwenyewe. Mwalimu akaeleza jinsi ulivyomwaga wino kwenye begi la mwenzako, wewe ukamtafsiria Mama kwamba unafanya vizuri sana, hasa hesabu. Mama akakuacha umalize. Kisha akamgeukia mwalimu, akasema, “Bibi mwalimu, mimi asante sana. Huyu sikio yake vuta. Mimi nyumbani vuta ingine.” Yule mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Wewe hukucheka, na sidhani kama umecheka mpaka leo.

Mimi pia nilikuwa naona haya, usidhani nilikuwa malaika. Dukani nilikuwa natangulia kusema kabla yake. Lakini kwangu ile aibu ilichakaa, sijui lini, na siku hizi nikiwa na hasira na watoto, Kiingereza kinachonitoka ni kile chake. Wanangu wanakiiga wakitaka kunichekesha, na nikishacheka nimeshindwa.

Kwako haijaisha. Niliiona mwezi wa pili, tulipokuja kwako kukutana na wakwe. Mama kila akifungua mdomo, wewe ulimmalizia. Aliulizwa habari za kisiwa alikozaliwa, ukajibu wewe. Aliulizwa kama supu ni tamu, ukajibu wewe. Alitabasamu na kula supu yake. Nikajiambia labda hakutambua.

Alitambua. Jumanne mchana tulikuwa jikoni kwake tunakanda unga, akaanza mwenyewe, kwa Kireno, bila kunitazama. “Graça, nimefikiri. Kwenye harusi nitasema Kireno, au ninyamaze kabisa. Kaka yako mimi nikiongea Kiingereza anatoka jasho. Sitaki mwanangu atoke jasho siku ya bintiye.”

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayeamua kutovaa gauni fulani kwa kuwa limembana, na ndiyo maana liliniuma zaidi. Nikamuuliza kwani alikuwa amekusudia kusema nini. Kumbe tangu Krismasi anaipanga ile baraka kwa Kiingereza, akipiga pasi anaisema, akimenya viazi anaisema. Akaniambia, “Baraka ni ya wote wawili. Nikisema Kireno, yule kijana nimemfungia nje. Atakuwa anatazama midomo yangu tu.” Kisha akakanda unga kwa nguvu akasema basi, yamekwisha.

Unaona, kaka, kazi uliyonituma ilikuwa imejifanya yenyewe. Ningeitikia tu kwa kichwa, wewe ukapata ulichotaka na nisiwe na la kukuungamia.

Nikamwambia umeniandikia. Nikamwambia, “Duarte amenituma nikuombe, tafadhali, siku hiyo useme kwa Kiingereza, hicho hicho chako, ili Colin na wazazi wake wakusikie kwa mdomo wako.”

Ndiyo. Nilisema hivyo, tena na Taji likiwa chumba cha pili. Dhambi hiyo nitaiungama mwenyewe kwa padri.

Mama aliacha unga. Akaniuliza, “Duarte? Duarte wetu?” Nikasema ndiye. Akataka nirudie, nikarudia. Akaketi kwenye kigoda na mikono yake yenye unga juu ya mapaja, akalia kidogo, nami nikalia. Halafu akainuka akampigia simu Senhora Idalina wa jirani, na kabla unga haujaumuka mtaa mzima ulijua kwamba Duarte, yule injinia, anataka mama yake awahutubie mawakili.

Sijutii hata chembe. Tangu hapo anafanya mazoezi mbele yetu bila kujificha. Jana alimsimamisha Gil awe Colin: “Colin, wewe sasa mtoto yangu. Marisa hasira karibu, moyo kubwa. Wewe njaa, kuja nyumba yangu. Wewe huzuni, kuja nyumba yangu. Mungu iko na nyinyi mbili.” Gil alitoka kwenda kuvuta, na safari hii sikumsema.

Jumapili mnakuja kula supu ya sikukuu ya Roho Mtakatifu, na Mama ana neno nawe. Najua hukuniandikia nilichomwambia. Lakini akikutazama usoni akuulize kama ni kweli, wewe ndiye utakayejibu, na hakuna atakayekutafsiria.

Wasalimie wote nyumbani. Gil anakusalimu, watoto wanamsalimu mkaza mjomba wao Cheryl na kumpigia Marisa vigelegele vya mapema. Mama yuko hapa kando yangu, anafikiri nakuandikia habari za mikate. Ananiambia nikupe baraka yake, na nikuambie asante kwa kumwomba, maana mwenyewe alikuwa anaogopa kukuuliza.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Graça