Mzazi wa Kukodi

Jumanne, 15 Julai

Wiki yangu ya zamu. Getini tangu saa moja kasorobo na daftari la wachelewaji. Wa Jangwani wana tope viatuni. Wa Mbagala wana foleni. Wanaoishi hapa hapa Mchafukoge, dakika tano kwa miguu, ndio wanaofika mwisho. Nimewaandika wote. Waliofikisha mara tatu nimewaambia neno moja tu: mzazi.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Kariakoo iko mlangoni petu, na Kariakoo hata mzazi anapatikana. Watoto wanamkodi mbeba mizigo au muuza mitumba, wanamtafutia koti, wanamkaririsha jina. Anakuja ofisini, anamfokea "mwanawe" kwa hasira kubwa, anaondoka na hela ya chai. Mwezi uliopita nilimnasa mama mmoja aliyekuwa mzazi wa wanafunzi watatu, wa makabila matatu, wiki moja. Ofisi nzima tulicheka mpaka machozi. Tangu hapo walimu wenzangu wananiita Mashine, kama ile ya dukani ya kukagua noti bandia. Napenda kuitwa hivyo. Humu shajarani nimdanganye nani?

Alhamisi, 17 Julai

Nimenasa mwingine. Zuhura, kidato cha nne B, mchelewaji sugu. Kaja na mzee amevaa koti linalomfika magotini, la kuazima waziwazi, na ananuka samaki.

Nimeanza na maswali yangu. Mtoto yuko mkondo gani? Hajui. Alizaliwa lini? "Mwaka ule wa mvua kubwa, mwalimu, Jangwani ilipojaa maji." Walimu wakaangua kicheko. Nikamwambia mzee, hukufundishwa vizuri, wenzako huwa wanakariri. Nikamsukumia karatasi na kalamu: andika majina matatu ya mtoto. Akaichukua kalamu, akaiangalia, akaiweka mezani. Nikamwambia ama uandike, ama useme kweli kwamba umekodiwa, uende zako.

Alimtazama Zuhura. Kisha akasema taratibu, "Mimi si mzazi wake. Mnisamehe." Akatoka.

Zuhura alilia kama kafiwa. "Madam, wallahi ni baba yangu." Nimemchapa viboko viwili vya mkononi kwa kuapia uongo, nimemrudisha nyumbani mpaka alete mzazi wa kweli. Mkuu wa shule kanisifu mbele ya wote. Kichwa kimevimba. Nimejinunulia chipsi mayai.

Ijumaa, 18 Julai

Zuhura hajaja. Sawa tu. Wachelewaji leo wachache. Wameogopa.

Jumatatu, 21 Julai

Hajaja tena. Mtihani wa mock unaanza Jumanne ya wiki ijayo. Nikatafuta faili lake nipate namba ya simu ya nyumbani.

Fomu ya kujiunga, kidato cha kwanza. Kazi ya mzazi: kukaanga samaki, Feri. Picha ya mzazi: mzee yule yule, hana koti. Mahali pa sahihi: dole gumba, wino wa zambarau.

Hajui kuandika. Ndiyo maana aliiweka kalamu.

Mungu wangu. Nililirudisha faili kabatini, nikaenda kujifungia chooni. Mtoto alisema kweli, nikamchapa. Baba alimkana mwanawe ili asiseme mbele yetu kwamba hajui kuandika. Na mimi nilikula chipsi.

Kuna jiwe la marumaru chini ya ngazi. Shule hii ilijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kwa ajili ya watoto wao, enzi za mkoloni, na baada ya uhuru serikali ikaichukua ikawa ya wote. Nafundisha Historia, hiyo hadithi naisimulia kila mwaka: zamani mlango huu haukuwa wa kila mtu, sasa ni wenu. Naisimulia kwa mbwembwe. Maandishi ya jiwe lile ni ya Kihindi, nayapita miaka kumi na moja sijui yanasema nini, na hakuna aliyewahi kunifukuza.

Jumatano, 23 Julai

Jana nilinyamaza. Leo nimeingia kwa mkuu nimejiandaa kusema yote. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Kuhusu yule Zuhura, kulikuwa na kutoelewana kidogo." Kidogo! Mkuu akasema, "Kumbe Mashine nayo huharibika." Akacheka.

Na mimi nikacheka. Nilicheka kweli, na meno yote nje. Najichukia.

Nimemtuma mwanafunzi anayekaa na Zuhura dawati moja amwambie arudi bila mzazi. Jibu: Zuhura kahamia kwa shangazi yake Buguruni. Shule hataki.

Jumamosi, 26 Julai

Nimekwenda soko la samaki la Feri. Nilivaa baibui la kuazima kwa jirani ili wanafunzi wasinitambue. Mchaga mzima, mzee wa kanisa, ndani ya baibui. Mtu mwenye haya hana akili. Njiani nikaona napanga kuomba msamaha huku nimejificha, nikalivua, nikalitia mkobani.

Mzee yuko upande wa wakaangaji, karai mbele yake, moshi usoni. Nikamwamkia shikamoo. Alimwopoa samaki mmoja kwanza, nikadhani haitiki. "Marahaba, mwalimu." Akafuta ndoo kwa kitambaa, akaigeuza nikae.

Nilisema nimekuja kuomba radhi. Nikasema nimeona faili. Akaangalia kando haraka kama wenzake wamesikia, nikajua nimemkosea mara ya pili. Nikashusha sauti.

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Alisema, "Wewe ulikosea kwa kutojua, mwalimu. Mimi nilikuwa najua. Nilionea haya kalamu, nikamkana mwanangu."

Akaeleza bila kuacha kugeuza samaki. Mama yake Zuhura alifariki mtoto akiwa darasa la pili. Kila alfajiri Zuhura humsaidia kuparua na kuosha samaki kabla ya shule. Kuchelewa kote kule! Mimi nilikuwa naandika "mzembe". Sasa mtoto hataki kuzungumza naye. Kamtumia salamu kwa shangazi: aliyesema si mzazi wangu asinihangaikie na shule.

Nikasema nitakwenda Buguruni mwenyewe, leo hii. Akakataa. "Niliyesema ni mimi. Nitakayekwenda ni mimi." Aliuliza jambo moja tu, kama akimpata, je, atapokelewa? Nikasema atapokelewa. Akauliza tena. Nikaapa.

Kanifungia samaki wawili aina ya changu kwenye gazeti. Nilitaka kukataa, nikaona nitamvunjia heshima mara ya tatu. Nimewala nyumbani peke yangu, nimesimama, hata chumvi sikuisikia.

Jumatatu, 28 Julai

Nimesema. Saa nne, chai, walimu wote wako ofisini. Nilisimama.

Nimesema mzee wa Alhamisi ile alikuwa baba halisi. Nimesema nilimfukuza mzazi wa kweli na nilimchapa mtoto kwa kusema kweli. Kwamba mzee hajui kuandika sikusema. Hilo ni lake.

Kijiko kimoja kikaendelea kukoroga kikombe. Mwalimu wa Hesabu akasema, jamani, tulicheka wote. Mkuu akasema tutaongea baada ya mock, na sijui maana yake nini. Pengine barua ya onyo. Nilidhani nikishasema nitapata nafuu. Wapi.

Kiti cha Zuhura bado kitupu. Mtihani kesho saa mbili.

Jumanne, 29 Julai

Saa moja na nusu nilikuwa dirishani, ghorofa ya kwanza. Niliwaona wanakuja kutoka upande wa sokoni. Zuhura mbele, sare imepigwa pasi. Mzee nyuma hatua tatu, shati lake la kazi.

Mlinzi alifungua geti, hakuwauliza kitu. Mzee akasema, "Mimi ni baba yake Zuhura." Mlinzi akajibu haya mzee, karibu. Mzee akamgeukia dada muuza karanga pale nje: "Mimi ni baba yake huyu." Kisha wasichana wawili waliokuwa wanapita. Sauti kubwa, mpaka huku juu nilimsikia. Zuhura kainamisha kichwa, kamshika mkono wa shati.

"Baba, basi. Wamesikia."

Nilishuka. Zuhura akaniamkia, "Shikamoo, Madam," bila kunitazama. Niliitikia macho yangu yakiwa sakafuni.

Kaingia chumba cha mtihani, kakaa. Karatasi ya kwanza ilikuwa Uraia. Mzee alisimama nje ya geti mpaka kengele ikalia, kisha akarudi Feri kuwahi samaki wake.