Mazoezi Hayabebi Damu

Malava,
Kakamega.
22 Februari 2022

Mpendwa Nekesa,

"Ni mazoezi tu ya kijeshi. Mtoto atulie huko Kharkiv amalize mtihani." Hayo ni maneno ya baba yako, na najua ndiyo yanayokushikilia hapo. Si kweli, na nitakuonyesha.

Kwanza salamu, nisije nikaonekana sina adabu. Hujambo, mwanangu? Unakula? Unalala? Sisi tuna afya, ila nimeangalia ramani. Kutoka chumba chako hadi mpaka wa Urusi ni kama kutoka hapa hadi Mumias.

Jumapili, tukitoka kanisani, nilimbana baba yako Wangila. Mazoezi ya kule Belarusi yalipaswa kuisha siku hiyo. Badala ya kurudi, askari wa Urusi wakaambiwa wabaki. Magazeti yanasema wamejenga hospitali za mahema na kusogeza damu ya kuwaongezea majeruhi karibu na mpaka. Nikamuuliza ni mazoezi gani yanayobeba damu.

"Dada, wewe unasomanga magazeti mpaka yanakutisha."

"Na wewe unasomanga nini, gunia la mbolea?"

Tulipofika kwake, akanionyesha ng'ombe dume aliyemtenga kwa sherehe yako ya kuhitimu. "Akirudi bila cheti, huyu nimwambie nini?"

Nikamkumbusha shamba. Trekta zikijipanga barabarani, wakata miwa wakifika na sufuria zao, na nyasi za pembeni zikifyekwa kuzuia moto, hakuna mkulima wa huku Kabras anayesema wamekuja kufanya mazoezi. Anakimbia kufungua mbuzi aliowafunga kando ya miwa, kabla kiberiti hakijawashwa kuchoma majani ya miwa. Wangila amefanya hivyo maisha yake yote. Kwa binti yake ndiyo anataka kwanza aone moshi!

Alienda kumkatia ng'ombe majani.

Leo asubuhi redio imesema jeshi la Urusi limeamriwa kuingia mashariki mwa nchi mliyomo, eti kulinda amani. Nitajie jeshi lililowahi kuingia kwa watu likasema linakuja kuvuruga amani. Baba yako aliacha chai ikapoa. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Treni za kwenda magharibi bado zinatembea?"

Mbele ya majirani bado anashikilia maneno yake. Nilimbeba mgongoni huyo, namjua. Mimi nakuandikia swali lake.

Barua hii naipiga picha na kuituma kwa simu, maana kwa posta vifaru vitafika kabla yake.

Mama yako na nyanya yako Phoebe wanakusalimu. Nyanya anauliza kama huko kuna mtu wa kukupikia obusuma, ugali wa kwetu. Nimemwambia swali hilo lingoje. Mungu akutangulie kila kituo.

Sasa nisikilizeni, wewe na Moraa mwenzako wa chumbani, maana naye ana watu wanaomngoja Kisii. Acheni vitabu. Bebeni pasipoti na nguo za joto, mpande treni ya kwenda magharibi, Lviv, leo. Leo, Nekesa. Mtihani utarudiwa. Aibu ya kurudi bila cheti nitaibeba mimi, na atakayekucheka atanikuta mlangoni. Mkishapanda, nipigie. Usiniambie uko salama. Nyamaza tu, nisikie magurudumu.

Akupendaye hata ukimkasirikia,
Senge yako, dada wa baba yako,
Milcah